Watafiti wakija kliniki ya selimundu: maswali ya akina mama wa Bagamoyo

Bagamoyo tumezoea watafiti. Kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara kipo hapa, na chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto wetu na wa Korogwe pia. Ila mwenye mtoto wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), habari yake nyingine, manake kliniki anaenda maisha yote na kila akienda anaweza kukutana na mtu ana fomu mkononi. Haya ndo maswali ninayoulizwa sana.

Hivi hawa si mumiani? Damu yote hiyo inaenda wapi?

Siwacheki, mumiani tumetishiwa nayo toka utotoni. Lakini kiasi cha damu lazima kiandikwe kwenye fomu ya ridhaa, utafiti wenyewe upitishwe na kamati ya maadili ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), ukiwa wa dawa mpya na TMDA, mamlaka ya dawa, nao waukubali, na sampuli ikipelekwa nje ya nchi inaombewa kibali. We uliza: inapimwa nini, itakayobaki inakaa miaka mingapi? Ukijibiwa "saini tu mama, ni kawaida", usisaini.

Nikikataa, mwanangu atanyimwa dawa?

Hapana. Hata ukiwa ushaanza unaweza kutoka, na matibabu ya kawaida yanaendelea. Kuna manesi watanuna, sawa, wanune.

Eti wengine wanapewa vidonge vitupu, visivyo na dawa ndani?

Ndiyo, na wanapangwa kwa bahati nasibu, mara nyingi hata daktari hajui nani kapata nini. Haidroksiyurea, dawa ya selimundu tunayoitumia leo, ilipita huko huko. Mwaka 1995 Marekani yalitoka majibu ya utafiti wa watu wazima 299, nusu dawa nusu kidonge kitupu, na waliopata dawa maumivu makali yalipungua karibu nusu hadi utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Sasa kwa vile hilo linajulikana, mtu akitaka mtoto wako aache haidroksiyurea ili ajaribiwe kitu kingine, mwombe akueleze kwa nini, tena mbele ya daktari wako.

Dawa ikishathibitishwa, mbona baadaye inaondolewa?

Swali zuri kuliko yote hili. Ipo dawa ya selimundu inaitwa Oxbryta, Marekani waliiruhusu 2019 kwa njia ya haraka kwa sababu ilipandisha kiwango cha damu mwilini (hemoglobini), na kweli kilipanda, kipimo hakikudanganya. Lakini mama hamleti mtoto hospitali usiku kwa ajili ya namba, anamleta kwa sababu analia mifupa inauma, na kwenye maumivu dawa haikuwa imeonyesha tofauti ya maana. Ruhusa ilitoka kwa sharti kwamba utafiti uendelee, ukaendelea, na Septemba 2024 Pfizer, kampuni yenye dawa hiyo, wenyewe wakaiondoa dunia nzima baada ya takwimu kuonyesha maumivu makali na vifo vimezidi upande wa waliokuwa wanaitumia. Kwa hiyo ukiambiwa dawa "inafanya kazi" uliza inafanya kazi gani. Inapunguza kulazwa? Maumivu? Kuongezewa damu? Au inabadilisha karatasi ya maabara tu? Mi naona hapo ndo wagonjwa wanapunjwa zaidi, kuliko hata kwenye hiyo damu inayochukuliwa.

Kwenye grupu la WhatsApp kuna dawa ya miti na watu wametoa ushuhuda.

Maumivu ya selimundu yanakuja na kuondoka. Mtu anaitafuta dawa siku kazidiwa, siku chache mbele yangepoa tu hata angekunywa uji, ila sifa inachukua dawa. Na waliokunywa wasipone huwasikii, wameshatoka kwenye grupu. Kuponya kabisa kunakopatikana hapa nchini ni kupandikiza uloto (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma wanafanya, na si kila mtoto anafaa.

Mume wangu yuko dago, kambi ya wavuvi, nisaini peke yangu?

Mara nyingi sahihi ya mzazi mmoja inatosha, fomu yenyewe itasema. Lakini hamna anayekulazimisha kusaini siku hiyo hiyo, chukua karatasi nenda nayo nyumbani, kama hujui kusoma mtafute unayemwamini akusomee, msubiri baba Asha arudi na samaki zake mkae mzungumze. Na mtoto kama anajitambua naye aulizwe. Ukishasaini dai nakala yako, ina namba ya mtafiti na ya kamati ya maadili, ipige picha na simu kabisa manake karatasi zinapotea.