Makro kwenye Emacs: unafanya mara moja, edita inarudia

Wengi wakisikia makro wanawaza zile za Excel, ila kwenye edita ya maandishi, yaani programu ya kuandika na kurekebisha maandishi kama Emacs, ni kitu chepesi tu, ni vibonyezo vyako vya kibodi vimerekodiwa, halafu unaiambia edita ivirudie. Jina Emacs lenyewe limetoka humo (Editor MACroS), maana ilipoanza mwaka 1976 kule chuo cha MIT, Marekani, ilikuwa mkusanyiko wa makro za edita ya zamani inaitwa TECO.

Chukua mfano huu. Una faili la mistari 400, kila mstari unaanza na namba ya simu ya 07 halafu jina la mtu, na mfumo wa kutuma meseji unataka zote zianze na +255. Kwa mkono utashinda hapo na bado utakosea. Sasa weka kishale mstari wa kwanza, bonyeza F3 ianze kurekodi, Ctrl-a kwenda mwanzo wa mstari, Ctrl-d kufuta ile sifuri, andika +255, Ctrl-n kushuka mstari wa chini, F4 kufunga. Ukipiga F4 tena inarudia mara moja, ukitaka imalize faili zima piga Ctrl-u 0 kisha F4, hiyo 0 maana yake rudia mpaka ukwame, na mwisho wa faili itakwama yenyewe.

Kitu cha kushika ni kwamba inarekodi vidole, hairekodi nia yako. Ukienda mbele kwa mshale mara tano kwa sababu jina la kwanza ni Asmaa, kwa Mwanaidi utaishia katikati ya jina. Kwa hiyo tembea kwa vitu ambavyo kila mstari unavyo: mwanzo wa mstari, neno moja mbele kwa Alt-f, au tafuta koma kwa Ctrl-s. Na umalizie mahali ambapo mzunguko unaofuata unaanzia, hapo ndo wengi wanakosea.

Tena makro haina macho. Kuna siku faili langu lilikuwa na namba chache tayari zina +255, ikafuta alama ya jumlisha ikaandika yake juu, nikapata +255255. Faili la mchanganyiko hivyo linataka regex, yaani kutafuta kwa muundo wa maandishi: rudi mwanzo wa faili, Ctrl-Alt-%, andika ^0, badala yake +255. Hiyo ^ ni mwanzo wa mstari, kwa hiyo isiyoanza na sifuri haiguswi kabisa, na kila sehemu inakuuliza, y kubali, n ruka, ! maliza zote zilizobaki.

Makro unayoitumia kila mwezi usiirekodi upya kila mara. Ipe jina kwa Ctrl-x Ctrl-k n, halafu fungua faili lako la .emacs, lile la mipangilio ambalo Emacs inalisoma kila ikifunguka, piga Alt-x insert-kbd-macro, itajiandika humo kama kodi ya Lisp, lugha ya programu ya Emacs, na ukifungua Emacs kesho unaiita kwa jina lake.