Je, kulipia bembea kwa M-Pesa lazima ukatwe?

Wazazi wengi Nairobi huamini kwamba kwenye bustani za michezo ni nafuu kubeba noti, kwani ukilipa kwa M-Pesa lazima ukatwe ada.

Tazama kwanza namba iliyobandikwa kwenye dirisha la tiketi. Ikiwa ni ya till, yaani namba ya M-Pesa ya kulipia bidhaa na huduma, mteja hakatwi. Ada hulipwa na mwenye biashara. Ikiwa ni Paybill, ile namba ya kulipia bili unayoiwekea na namba ya akaunti, unaweza kukatwa, kutegemea mpango aliouchagua mwenye biashara. Linalosahaulika ni hili: ukipitia kwa wakala kutoa pesa upate hizo noti, hapo ndipo unapokatwa, na naona ndipo wengi wetu tunapoumia.

Fungua ujumbe wa malipo yako ya till ya mwisho. Soma gharama ya muamala: Ksh 0.00.