Chipukizi la chotara si mbegu ya kukamua

Nimeulizwa tena, safari hii na mteja aliyekuja kitaluni kuchukua miche: "Si mlituambia chotara hairudiwi? Sasa mbona hapa mnapanda machipukizi ya nyanya chotara, Anna F1?" Kabla sijafungua mdomo, mwenzake akamjibia: eti chipukizi nalo linarudi nyuma, msimu wa pili linazaa vinyanya kama ndulele. Basi niandike mara moja nisiulizwe tena. (Nitaulizwa.)

Kinachorudi nyuma ni mbegu. Ukikamua mbegu za F1, yaani chotara ya kizazi cha kwanza, ukazipanda, sifa za baba na mama zinagawanywa upya katika kila mbegu: huu mrefu, ule mfupi, huu tunda la duara, ule tunda la yai, na ile kinga uliyoilipia kwenye pakiti inabaki kwa baadhi tu. Chipukizi halikupitia kwenye ua. Ni mmea uleule, umekatwa ukasimikwa pengine. Muhogo wote tunaupanda hivyo kwa pingili, na sijasikia mtu akilia kwamba muhogo wake wa aina ya Kiroba umegeuka kuwa kitu kingine.

"Lakini niliona kwa macho yangu, ilidhoofika!" Nakuamini, ndugu yangu. Ila ulichokiona si uchotara kuisha. Ni ugonjwa. Virusi vingi, vikiwemo vya rasta (ugonjwa wa majani kujikunja) vinavyoletwa na inzi weupe, kwa kawaida havivuki kwenye mbegu kuingia kwenye mche. Chipukizi halina bahati hiyo. Linabeba chochote kilichokuwa ndani ya mama yake. Ukikata chipukizi la chipukizi la chipukizi, kila mzunguko unaongeza mzigo. Magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yamesambaa kwenye muhogo kwa mtindo huohuo: unampa jirani pingili, unampa na ugonjwa wake.

Mbaya zaidi ni mnyauko bakteria, kwa sababu mmea unaweza kuwa nao ukasimama vizuri tu, majani ya kijani. Kabla ya kukata machipukizi, toa sadaka mmea mmoja kwenye mstari unaoutilia shaka. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ning'iniza ncha yake kwenye glasi ya maji safi, usitikise. Ukiona uzi mweupe unashuka, funga kisu urudi nyumbani. Ndiyo maana pia siupendi mtindo wa kuotesha machipukizi kwa wingi kwenye ndoo moja ya maji. Mizizi inatoka, sikatai, lakini mgonjwa mmoja anawanywesha wote. Tumia trei yenye mchanga uliooshwa au kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), kila chipukizi na tundu lake.

Halafu kuna wanaonunua miche iliyobebeshwa, yaani shina la aina moja limeunganishwa juu ya mizizi ya aina nyingine, wanakata chipukizi juu, wanalipanda kwenye shamba la mnyauko, linaanguka, wanakuja kunigombeza. Jamani, kinga ilikuwa kwenye mizizi! Ulichokata ni cha juu ya kiungo. Ya chini umeyaacha kulekule.

Mengine ni mepesi. Sentimita 10 hadi 15, lisiwe na maua, ukate asubuhi, utoe majani ya chini, kivuli na unyevu. Wiki moja hadi mbili lina mizizi. Asali, shubiri, mdalasini, unga wa homoni: tunza hela yako. Shina la nyanya ukililaza tu kwenye udongo wenye unyevu linatoa mizizi lenyewe.

Nina mashaka mahali pawili. Chipukizi halina mzizi mkuu. Tunajibiwa kwamba hata mche wa mbegu huukata wakati wa kuhamishwa, na penye umwagiliaji wa matone nakubali. Kwenye kichanga kinachosubiri mvua, sina amani. Huko napanda mche wa mbegu. Pili, chipukizi huwahi kuchanua, na wateja hushangilia. Mimi hunyofoa shada la kwanza, maana mmea mdogo ukibebeshwa matunda mapema huwa unadumaa. Wenzangu wananiona natupa pesa, na pengine kwa bei za kiangazi wana hoja.

Haya yote ni kwa nyanya ndefu, za kufunga kamba. Tanya na Cal J ni fupi. Chipukizi lake linaishia kwenye maua, halina pa kwenda. Tena hizo si chotara. Huko kamua mbegu.