Springi za valvu za 2F: pima kimo kabla hujanunua

Hedi (kifuniko cha juu cha injini chenye valvu) ya Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 2F ikifunguliwa kwenye gereji zetu za Mwanza, swali linalopelekwa dukani huwa ni "mna springi ngumu?" Mimi nauliza kwanza springi hiyo itakaa kwenye kimo gani, yaani urefu wake ikiwa imefungwa na valvu imefunga.

2F ni lita 4.2, silinda sita, valvu 12, kamshafti (shafti yenye kamu, vinundu vinavyoinua valvu) iko ndani ya bloku na tapeti zake (vipande vinavyosukumwa na kamu) ni bapa. Nguvu yake ya juu inapatikana kwenye mizunguko kama 3,600 kwa dakika, mwendo ambao hauhitaji springi za mashindano. Ukizidisha ugumu, unachakaza kamu, nyuso za tapeti na shafti ya roka (mikono inayosukuma valvu). Springi ikilegea mno, valvu inadunda kwenye siti (inapokalia ikifunga) badala ya kutulia, na valvu ya ekzosi, ya kutolea moshi, huungua mapema.

Siti na valvu zikishasagwa, valvu inazama na shina lake linajitokeza zaidi upande wa juu, hivyo springi inapata nafasi kubwa kuliko ya kiwandani. Funga valvu, kofia ya springi na loki zake (vibanio vinavyoishika kwenye shina) bila springi, vuta kofia juu mpaka ikaze, halafu pima kwa kalipa kuanzia springi inapokalia hadi chini ya kofia. Pima zote 12, maana ni nadra zilingane.

Chukua mfano huu (za kufuata ni namba za kitabu cha injini yako). Springi inatakiwa itoe kilo 27 kwenye kimo cha mm 43, na inaongeza kilo 2.5 kwa kila mm inayobanwa. Ukipima 43.8, kilo 2 zimepotea. Shimu (washa nyembamba ya kuweka chini ya springi) ya mm 0.8 inazirudisha. Kamu ikiinua valvu mm 10, springi inabanwa hadi mm 33 na inatoa kilo 52.

Hapo ndipo springi "ngumu" inapokuumbua. Waya wa mm 4.2 wenye koili 7 unagusana kwenye mm 29.4, kwa hiyo ipo nafasi ya 3.6. Waya wa 4.6 wenye koili hizo hizo unagusana kwenye 32.2, na nafasi ni 0.8 tu. Chini ya 1.5 sifungi. Koili zikigusana, pushirodi (fimbo inayotoka kwenye tapeti kusukuma roka) inapinda.

Kipima springi huna? Weka mzani wa bafuni kwenye meza ya drili ya kusimama, banza springi hadi kimo chake, soma kilo. Vaa miwani, ikichomoka haina huruma. Iliyopungua zaidi ya asilimia 10 ya kilo zinazotakiwa itupe, usiifufue kwa shimu, na kuivuta kwa moto wa gesi ni kuiua kabisa. Isimamishe pia kwenye kioo kando ya skwea: ikiinama zaidi ya mm 2 juu, haifai.

Huku ziwani unyevu ni mwingi, kwa hiyo kagua hata springi mpya iliyokaa sana stoo. Kutu ya juu juu inafutika, lakini kishimo cha kutu ndipo ufa unapoanzia. Alama ya plaizi nayo ni hivyo hivyo.

Wakati wa kufunga, upande wenye koili zilizosongamana unakaa chini, kwenye hedi. Kama kamu na tapeti ni mpya, injini ikiwaka tu iache kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20, usiiache sailensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta), na oili iwe yenye zinki ya kutosha.