Thalassiosira: tundu dogo ndilo linaloamua jina

Juzi mtu ameniuliza hapa Kisumu, mbona unashinda na dayatomu za baharini, vile viumbe vya seli moja vyenye ganda la kioo, na ziwa liko hapo tu Dunga? Swali zuri, nitalijibu, lakini wacha kwanza tuingie ndani ya seli.

Chukua mkebe wa polishi ya viatu. Kuna chini, kuna kifuniko, na kifuniko kinashika ukingo wa chini. Seli ya Thalassiosira, jenasi ya dayatomu za baharini, iko hivyo hivyo, duara, ila mkebe wake ni wa silika, yaani kioo. Ndani mna kiini na kloroplasti ndogo ndogo nyingi za rangi ya kahawia. Ikigawanyika, kila nusu inaondoka ikiwa kifuniko halafu inajitengenezea chini mpya ya kuingia ndani yake, kwa hivyo mtoto mmoja anatoka mdogo kuliko mama, na wanazidi kupungua hivyo hivyo mpaka uzazi wa kijinsia urudishe saizi. Ndio maana mimi simwamini mtu anayetaja spishi kwa kupima upana peke yake.

Sasa tundu. Kioo chote kimejaa vitobo vilivyopangwa kwa mistari, lakini kuna aina moja ya pekee inaitwa fultopotula, kamrija kanakopenya ukuta, na upande wa ndani kamezungukwa na vitobo viwili hadi vitano hivi. Hapo ndipo uzi wa kitini unatoka, kitini ile ile iliyo kwenye ganda la kaa na la kumbikumbi. Uzi wa katikati unashika seli moja na nyingine kama shanga, na jina lenyewe limetoka kwa Kigiriki, bahari na mnyororo. Mtaalamu Mswidi, Cleve, ndiye alianzisha jenasi hii mwaka wa 1873.

Niliwahi kuletewa chupa ya maji kutoka Mombasa, nikachemsha sampuli na haidrojeni peroksaidi ili kioo kibaki kitupu, nikaangalia na lenzi ya mafuta na nikaandika Coscinodiscus, jenasi nyingine ya dayatomu za duara. Wiki nzima daftari ilikaa hivyo. Halafu nikarudi kwa tone ambalo sikuwa nimelichemsha, nikaona seli nne zimening'inia kwa uzi mmoja mwembamba sana, na Coscinodiscus haina uzi kwa sababu haina fultopotula hata moja! Ile kuchemsha ilikuwa imenifutia ushahidi. Tangu siku hiyo naangalia sampuli mbichi kwanza, na wanafunzi wangu wote nawafunza hivyo.

Kosa lenyewe ni la zamani. Thalassiosira eccentrica ilikuwa inaitwa Coscinodiscus kabla Cleve hajaihamisha mwaka wa 1904. Kazi kubwa ya kupanga hizi spishi, na zinapita 100, aliifanya Grethe Hasle wa Norway kwa hadubini ya elektroni, akahesabu fultopotula na kuangalia rimopotula imekaa wapi, aina nyingine ya tundu, ile yenye mpasuko kama midomo, ambayo kwa kawaida ni moja tu kila upande wa mkebe.

Lakini jeni zimeleta maneno. Thalassiosira pseudonana, ambayo mwaka wa 2004 ilikuwa dayatomu ya kwanza kusomwa jinomu yake, zamani iliitwa Cyclotella nana, Hasle na Heimdal wakaihamisha mwaka wa 1970, na sasa ukifuata jeni inaangukia karibu na Cyclotella tena, kwa hivyo kuna wanaoirudishia jina la kwanza. Mimi naona wako sawa. Thalassiosira vile ilivyo leo si ukoo mmoja, ni watu wa nyumba kadhaa wamewekwa chini ya paa moja.

Na ziwa sasa. Cyclotella na Stephanodiscus, ambazo nyingi ni za maji yasiyo na chumvi, ziko oda moja, yaani kundi moja kubwa la jenasi, na hii ya baharini, Thalassiosirales, na zote zina fultopotula. Mababu walitoka baharini wakaingia mitoni na maziwani, tena si mara moja. Kwa hivyo nikichota maji Dunga nikapata kaduara ka kioo, kitu cha kwanza natafuta ni lile tundu.