Wanga wa sago: ulivyo na kwa nini hubadilika ukipikwa

Wanga wa sago hukamuliwa kutoka kwenye kiini laini cha shina la msago (Metroxylon sagu), mti wa jamii ya mnazi unaoota kwenye vinamasi vya Papua Guinea Mpya, Indonesia na Malaysia. Msago huchanua mara moja tu, kisha hufa. Kabla ya hapo hujaza shina wanga kama akiba ya kulishia maua na matunda, kwa hiyo hukatwa karibu na kuchanua. Ukichelewa mpaka matunda yamekua, utapasua shina lililojaa nyuzi na wanga kidogo. Shina zuri hutoa kilo 150 hadi 300 za wanga mkavu.

Usiuchanganye na wanga wa saikadi, mmea ambao nao huitwa sago kwa kufanana majani. Saikadi si jamii ya mnazi, na ina sumu.

Kikemia, wanga huu ni glukosi iliyoungana katika minyororo ya aina mbili. Amilosi, iliyo karibu kunyooka, ni kama robo au zaidi kidogo. Kinachobaki ni amilopektini, yenye matawi mengi. Protini na mafuta hayafiki asilimia 1 ukioshwa vizuri. Ukidondoshea iodini, hugeuka bluu iliyokoza.

Chembe zake ni kubwa, wastani wa mikromita 30, zenye umbo la yai lililokatwa ncha. Ukubwa huo ni nafuu kwa mtengenezaji: kiini kikishasagwa, kikakandwa kwa maji na kuchujwa, wanga hutuama chini upesi kuliko ule wa muhogo wenye chembe ndogo.

Kwenye maji baridi hauyeyuki. Joto likikaribia nyuzi 70 za Selsiasi, chembe hunywa maji na kuvimba, na maji meupe kama maziwa hugeuka ute mzito unaopitisha mwanga. Ukimwagia maji moto kwenye unga mkavu utapata madonge, kwani tabaka la nje huiva na kuyazuia maji yasifike ndani. Ulowanishe kwanza kwa maji baridi. Wala usichemshe na kukoroga bila kikomo: chembe zilizovimba hupasuka na uzito hushuka. Ndimu nayo itiwe mwishoni, maana asidi ikichemka pamoja na wanga huikata minyororo.

Ute ukipoa, amilosi hujipanga upya na kushikana, ndipo unapoganda. Ukilala usiku kucha hukaza zaidi na kuchuruza maji. Wengi hudhani umeharibika, kumbe ni tabia yake.

Kuharibika kwenyewe kuna sura nyingine. Wanga ukiwa wa kahawia, kiini kilikaa wazi baada ya kukatwa: vimeng'enya vyake vilikutana na oksijeni na kuzigeuza rangi fenoli (kemikali za asili za mmea) zilizomo, jambo lile lile linalotokea kwenye tofaa lililomegwa. Ukisaga mara moja na kuosha kwa maji safi mara kadhaa, weupe unabaki. Harufu ya uchachu hutokana na wanga mbichi uliowekwa siku nyingi. Bakteria hutengeneza asidi, na ukiupika hauwi mzito kama inavyotakiwa. Ukaushe upesi, lakini si kwa moto mkali: ukifika nyuzi 70 ukiwa bado umeloa, unaivia papo hapo na kutoka vipande vigumu kama gundi kavu.