Uzi gani kwa wakati gani: kufuma na kuunga viraka katika raha na msiba

Mkono wenye huzuni hukaza uzi, na mkono uliochoka huulegeza. Tandaza mezani sweta iliyofumwa kwa miezi mingi, upime upana wake kila baada ya sentimita 10 kutoka chini kwenda juu, na yale majuma ambayo mfumaji alikuwa na mgonjwa wodini utayaona kwenye futikamba. Hapa pamebana, mbele kidogo pamepwaya, ilhali uzi ni uleule na sindano ni zilezile.

Kwa sababu hiyo, mtu akiniuliza afume nini, mimi huuliza kwanza yuko katika hali gani. Ana muda gani kwa siku? Analala? Anaweza kuhesabu hadi 70 bila kupotea? Jibu la swali hilo la mwisho likiwa hapana, picha nzuri ya sweta kwenye simu haitamfaa. Kazi isiyolingana na wakati wake huishia chini ya kitanda ikiwa nusu, na kila akifagia humkumbusha kwamba ameshindwa.

Siku za matanga na za kungoja

Msiba ukiingia, au mtu wako akilazwa nawe ukawa unashinda kwenye benchi la hospitali, fuma pleni (kitanzi cha msingi cha kufuma) peke yake: kila mstari vilevile, kwenda na kurudi. Kitambaa cha pleni hakijikunji kingoni, pande zake mbili zinafanana, na ukiitwa ghafla na daktari unaweza kuiacha sindano popote bila kupoteza hesabu, maana hakuna hesabu.

Fuma miraba midogo inayoingia mkobani. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kuanzia kwenye pembe moja ya mraba. Chukua sindano za milimita 4 na uzi wa unene wa kati, ule ambao lebo yake inaonyesha vitanzi 22 kwa sentimita 10. Anza na vitanzi 3. Kila mstari, kifume kitanzi cha kwanza mara mbili, mbele kisha nyuma, ili kiwe viwili, halafu malizia kwa pleni. Ubavu ukifika sentimita 20, geuza: kila mstari uanze kwa kufuma vitanzi viwili vya kwanza pamoja, mpaka vibaki 3. Kata uzi, upitishe ndani yake, vuta.

Njia hii inawafaa sana wamama wa chama wanaotaka kumfumia mwenzao aliyefiwa. Katika pleni, kimo cha mistari miwili ni karibu sawa na upana wa kitanzi kimoja, kwa hiyo pembe inatoka ya digrii 90 kwa mkono wa kukaza na kwa mkono wa kulegeza. Kila mmoja anapima ubavu kwa rula, basi. Miraba iliyoanzwa kwa idadi moja ya vitanzi, kwa mfano 40, hutoka ya ukubwa tofauti kutoka kwa kila mkono, na kuiunganisha ni mateso.

Mraba mmoja hula gramu 20 hadi 25. Miraba 30, mitano kwa sita, inatoa blanketi la sentimita 100 kwa 120, la kutosha kufunika magoti ya mtu mzima au mwili mzima wa mtoto. Nunua gramu 800 ili ubaki na uzi wa kuungia na wa kupiga kingo. Ungia kwa uzi uleule wa kufumia. Uzi wa cherehani ni mwembamba na hautanuki. Blanketi likivutwa unakatika, au wenyewe unakikata kitambaa. Chagua rangi nyepesi pia. Nyeusi na buluu iliyoiva hazionekani stima ikipotea, na macho yaliyolia yanachoka upesi.

Neno kuhusu namba za sindano, kwa sababu linaharibu kazi nyingi. Sindano za zamani, zile zilizorithiwa kutoka kwa shosho, zina namba za Kiingereza zinazopungua kadiri sindano inavyonenepa: namba 10 ni milimita 3.25, namba 8 ni milimita 4. Maelezo ya Marekani kwenye intaneti yakisema 8, yanamaanisha milimita 5. Soma milimita tu. Na sipoki ya baiskeli, ambayo wengi huku magharibi mwa Kenya tumeiona ikinolewa ncha ikawa sindano, kwa kawaida ni milimita 2. Inafaa uzi mwembamba wa kufumia vitambaa vya viti. Kwa uzi wa sweta inatoa kitu kigumu kama mkeka.

Pesa zikiwa chache: uzi wa mitumba

Soko la Kibuye kule Kisumu, au kwenye vibanda vya mitumba vya Nakuru, sweta iliyotoboka kiwiko huuzwa bei ya chini kuliko uzi uliomo ndani yake. Ya mtu mzima, ya uzi wa kati, inaweza kutoa gramu 300 hadi 500. Lakini si kila sweta inafumuka, na jambo hili lazima lichunguzwe kabla ya kulipa.

Igeuze ndani nje, utazame mshono wa ubavu. Ukiona kingo zimezungushiwa ovaloki, iache. Kitambaa hicho kilikatwa kwa mkasi, kila mstari ukakatika, nawe utapata vipande vifupi vya upana wa kifua. Unachotafuta ni mshono ambao kingo za kila upande ni nzima, zimeungwa kwa mnyororo wa uzi. Kata kitanzi kimoja cha mnyororo huo upande wake sahihi na mshono wote utafunguka kwa kuvuta. Ukigoma, jaribu ncha ya pili. Tenganisha mikono, ubavu na shingo. Kisha anza kufumua kutoka juu, kwa sababu sweta nyingi huanzwa chini na kufungwa juu. Ukianza chini, uzi utanasa kila kitanzi.

Sweta zenye manyoya marefu zisikutamanishe. Manyoya yameshikana, uzi unakatika kila mara. Vivyo hivyo sweta ya sufu iliyochemka ikashikamana kama feliti. Hiyo haifumuki, ingawa unaweza kuikata viraka bila kingo kuchanika.

Kujua ni uzi wa nini, kata kipande cha sentimita 10, ukishike kwa koleo juu ya sahani, ukichome. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto wake hufifia wenyewe, na majivu yake yanasagika kwa vidole. Akriliki, uzi wa jamii ya plastiki, inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Uzi uliochanganywa hutoa dalili mbili pamoja.

Zungushia uzi mgongo wa kiti, ufunge fungu hilo mahali pane kwa kamba legevu, ulioshe kwa maji ya uvuguvugu, ulianike kivulini. Sufu hunyooka vizuri. Akriliki hubaki na mawimbi kidogo, na mtu huvutiwa kuipiga pasi. Usifanye hivyo. Pasi ya moto inailegeza akriliki kabisa, inapoteza mvutano, na ribu, ule ukanda unaovutika wa kiunoni, haitarudi tena.

Uzi mpya nao una mtego wake. Mipira miwili ya rangi moja inaweza kuwa ya loti mbili za kutiwa rangi. Ndani ya duka zinafanana, juani mstari unaonekana waziwazi. Nunua yote kwa mara moja, na lebo ikikosekana, tokeni nayo nje muilinganishe mchana. Ukilazimika kuchanganya, fuma mistari miwili kwa mpira huu na miwili kwa ule, katika eneo zima la kukutania.

Mtoto anapokuja

Kofia ya mtoto mchanga ndiyo kazi bora ya jioni chache. Kichwa cha aliyezaliwa kwa wakati wake hupata sentimita 35 hivi kwa mzunguko, na kofia inatakiwa iwe ndogo kidogo ili ishike. Sindano milimita 4, vitanzi 72. Ribu sentimita 3, halafu pleni mstari mmoja, pali (kinyume cha pleni) mstari mmoja, hadi urefu wa sentimita 10. Sasa punguza: fuma 7, viwili pamoja, mpaka mwisho, mstari unaofuata ni pali bila kupunguza. Kisha 6 na viwili pamoja, kisha 5, hadi vibaki 8. Pitisha uzi, vuta, shona ubavu. Gramu 25 zinatosha. Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye kichwa cha sentimita 30, anza na 64, na mpunguzo wa kwanza uwe fuma 6.

Ndani ya kofia, soksi na glovu za mtoto pasiwe na uzi unaoning'inia. Uzi au unywele mmoja unaweza kujizungusha kwenye kidole chake na kuzuia damu, na mama asijue kwa nini analia. Ficha ncha kwa sindano, sentimita 5 upande mmoja na kurudi kidogo. Utepe wa kufunga shingoni usiwekwe. Tena Kisumu si Nakuru: Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari na Julai yake inauma, lakini kando ya ziwa pamba nyepesi inamfaa mtoto kuliko akriliki inayomtoa jasho.

Viraka, mambo yakitulia

Kwilti, yaani blanketi la viraka lenye tabaka tatu, inahitaji meza, pasi na sakafu iliyo wazi, ndiyo maana mimi huiweka kwenye vipindi vya utulivu. Kwa kwilti ya kwanza, kata viraka 120 vya sentimita 12 kwa 12, kwa kutumia kigezo cha kadibodi ngumu. Ukishona sentimita 1 kutoka ukingoni, kila kiraka kinabaki sentimita 10. Kumi kwa kumi na viwili vinatoa 100 kwa 120.

Hiyo sentimita 1 ndiyo roho ya kazi. Ukizidisha milimita 2 tu, kila mshono unakula milimita 4, na mstari wenye mishono 9 unapungua milimita 36. Mstari wa pili ukiushona sawasawa, viraka havitakutana pembe. Bandika kipande cha plasta kwenye bamba la cherehani, sentimita 1 kutoka kwenye sindano, kiwe mpaka wako. Unaposhona kwa mkono, chora mstari kwa penseli.

Fua vitambaa vyote kwanza. Kitenge na leso mpya hutoa rangi: sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa, na kikipata doa, fua tena hadi maji yatoke safi. Chumvi na siki, ambavyo wengi huvitegemea, havifungi rangi ya kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi. Usichanganye pamba na kitambaa kinachovutika bila kukipa nguvu kwanza; fulana ibandikwe nyuma ile karatasi ya kugandisha kwa pasi ambayo mafundi huitia ndani ya kola.

Piga pasi mishono ilale upande mmoja, mstari wa kwanza kulia, wa pili kushoto, na ukiiunganisha itakaa vizuri pembe kwa pembe. Kisha tandaza bitana sakafuni, kubwa kwa sentimita 5 kila upande, juu yake blanketi jepesi la flisi la mitumba, juu kabisa viraka. Piga bandi (mishono mirefu ya muda) kuanzia katikati kwenda nje, kila sentimita 15, na mishono ya kudumu nayo ianzie katikati. Ukianzia kingoni, kitambaa kilichozidi kitasukumwa ndani na kuvimba tumbo lisiloondoka. Flisi inavumilia mishono iliyoachana sentimita 20. Pamba ya kujazia isiyofumwa ipewe 8 hadi 10, la sivyo itafanya mabonge ukiifua. Kingo ni utepe wa upana wa sentimita 6 uliokunjwa mara mbili, urefu wa sentimita 470.

Wapo wanaotaka kwilti ya nguo za marehemu. Ni kazi yenye thamani kubwa, na naiunga mkono. Lakini mila za nguo hizo hutofautiana ukoo kwa ukoo, kwa hiyo wazee waulizwe na mgao uishe kabla ya mkasi kushikwa. Anza na mashati, si koti; na vipande vilivyochakaa kola na kwapa uviache, havitashika mshono.

Kuiweka kazi na kuirudia

Maisha yakikusimamisha katikati, maliza mstari. Usiache nusu yake kwenye kila sindano, kwani pale katikati patanyooka tundu. Hamishia vitanzi kwenye uzi wa rangi nyingine, ufunge ncha, ili sindano zisiviache na alama. Andika kwenye karatasi namba ya sindano, idadi ya vitanzi na mstari uliofikia, uibane kwenye kazi kwa pini. Sufu ioshwe kwanza, maana nondo hufuata jasho na mafuta, kisha ifungwe ndani ya mfuko usiopitisha wadudu. Akriliki nondo hawaili.

Ukiirudia, hata baada ya mwaka, rudisha vitanzi kwenye sindano na ufumue mistari miwili ya mwisho. Fuma kipande kipya cha majaribio cha sentimita 15, upime sentimita 10 za katikati, kingo hudanganya. Kwenye sweta ya kifua cha sentimita 100 yenye vitanzi 220, mkono unaotoa 20 kwa sentimita 10 badala ya 22 unatoa kifua cha 110. Ukipata 23, panda kutoka sindano ya milimita 4 hadi ya 4.5, ukipata 21, shuka hadi 3.75, ufume tena majaribio kabla ya kugusa kazi yenyewe.